Mbabula Ndani ya Kontena

Baridi ya Brussels haina adabu, lakini ile ya Februari 2012 ilipita kiasi. Sudi na mpwa wake Kadiri walikuwa mtaa wa Woluwe, wakikata matawi ya miti ya barabarani yaliyolemewa na barafu. Mashine ya kupasha joto kontena lao la kupumzikia ilikuwa imekufa. Bosi akawaambia tu, "Vidole vikifa ganzi, ingieni mujipashe." Wajipashe na nini? Na maneno yake?

Basi Sudi, mtu wa Buyenzi, akabeba mbabula ya dada yake Rukiya, lile jiko la makaa alilokuwa akichomea nyama barazani kule Schaerbeek. Akaliwasha nje, akangoja moshi uishe, ndipo akaliingiza ndani. Kwao Bujumbura hakuna asiyejua: moshi ukiisha, hatari imekwisha. Tundu la hewa lilikuwa likipitisha upepo, akalisokomezea skafu yake.

"Mujomba, hapa sasa ni kwetu!" Kadiri akacheka, akivua glovu.

Walikunywa chai. Kichwa kikaanza kumgonga Sudi, akadhani ni uchovu. Simu ikalia, na ndani ya kile chuma sauti haikusikika, akatoka.

"Funga komeo," alimwambia Kadiri, "baridi isiingie."

Alikuwa Rukiya. "Kaka, mutoto wangu anapata joto?"

"Anapata, usiogope. Ngoja nikupe umusikie."

Akageukia mlango. Akatapika chai yote kwenye theluji. Ebo! Chai gani hii? Akagonga mlango. "Kadiri! Mama yako!" Kimya. Akagonga kwa ngumi mbili. Kimya.

Akachungulia dirishani. Kijana alikuwa ameegemea ukuta, kinywa wazi, kikombe kimemmwagikia mapajani wala hashtuki. Makaa yalikuwa mekundu, safi, bila moshi hata kidogo. Ndipo hofu ikamshika Sudi, hofu ya kumkata maini. Si moshi unaoua, ni hewa ya makaa yenyewe! Na tundu ameliziba nani? Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ya Allah, si mutoto wa watu!"

Simu ikamponyoka. Akavunja kioo kwa shoka, akapenyeza mkono, vigae vikamchana, akavuta komeo. Akamburuta Kadiri nje kwa makwapa, akamlaza kwenye theluji, akamzaba makofi huku akilia. Uso wa kijana haukusogea. Mama mmoja mpita njia alikuwa tayari anaita ambulansi. Kutoka kwenye simu iliyoanguka kwenye theluji, Rukiya alikuwa akipiga kelele, "Allô? Kaka, nini imevunjika? Kadiri iko wapi?" Sudi hakuthubutu kuiokota. Angemwambia nini? Kwamba amemuulia mwanawe kwa mbabula yake mwenyewe?

Kadiri akakohoa. Akakohoa tena, akafumbua jicho moja.

"Mujomba," akanong'ona, "funga mulango. Baridi."

Sudi akaiokota simu kwa mkono uliojaa damu.

"Rukiya," akasema, meno yakigongana, "mutoto wako anasikia baridi. Alhamdulillahi, dada yangu, anasikia baridi."