Nyundo ya Mama Asteria

Hakuna mtu hapa Geita wa kunifundisha mimi kutwanga mawe. Miaka tisa nilikaa kando ya maduara, mashimo ya dhahabu ya watu, nikiokota mawe waliyoyadharau, nayaponda kwa nyundo, nayatwanga kwenye kinu cha chuma, kisha nauchekecha unga kwa kitambaa. Unga mkavu. Jirani yangu, Mama Ignas, alinyunyizia maji kupunguza vumbi, nami nilikuwa namcheka. Unga ukilowa unaziba kitambaa, utashinda juani upate kopo moja.

Mwanangu Asteria alianza kuchekecha akiwa na miaka saba, baba yake alipofuata rashi, mkumbo wa watu wanaokimbilia dhahabu mpya, huko Chunya akasahau njia ya kurudi. Jioni alitoka hapo mweupe mpaka kope, nami nikijisifu kwa wenzangu kwamba mtoto wangu hana uvivu. Wakaguzi walipoanza kupita, nilimkaririsha la kuwajibu: "Mimi sifanyi kazi, namletea mama chakula."

Mwaka huu, akiwa na miaka kumi na tisa, Asteria alipata ufadhili wa kusomea udaktari China. Pasipoti ilitoka, begi tulinunua, ikabaki fomu ya afya. Tukaenda hospitali, akapigwa picha ya kifua. Daktari aliitazama muda mrefu.

"Haya mabaka siyapendi," alisema. "Kama ni kifua kikuu sitasaini. Utaanza dawa za miezi sita, na chuo hakitakungoja. Umewahi kufanya kazi ya vumbi? Machimboni, labda?"

Asteria alinitazama. Kisha akajibu kwa sauti ile ile ya utotoni, "Hapana, daktari. Nilikuwa namletea mama chakula."

Mtoto alikuwa tayari kuikosa China ili mimi nisiaibike. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme yote: nilimwacha. Dakika nzima nilitazama sakafu nikiwaza polisi, nikiwaza watu watasema nini. Daktari alikuwa ameshashika kalamu aandike dawa za kifua kikuu.

"Anadanganya," nikasema. "Amechekecha mawe miaka sita. Mimi ndiye niliyemweka."

Daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza. Walipima makohozi, majibu yakawa safi, na siku tuliyorudi akasaini.

"Huu si ugonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo atasafiri," aliniambia. "Ni vumbi la mawe, mama. Limeshakaa ndani na hatuna dawa ya kulitoa."

Asteria akauliza kama litazidi. Daktari alisema linaweza kuzidi, akamwandikia awe anapimwa kila mwaka huko aendako.

Njiani nilimwomba msamaha. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Mayu, mama yangu, si tulikula?" Nililia barabarani kama mtu aliyefiwa, wapita njia wakinishangaa.

Jumapili ya kumuaga, Mchungaji Enock aliagiza niende kanisani na ile nyundo. Aliipokea, akainyanyua juu.

"Nyundo hii inampeleka mtoto China!" alipaza sauti. "Nanyi kina mama wenye mabinti, mnangoja nini?"

Vigelegele vikapigwa. Kina mama wa machimboni walikuwa wamejaa pale, mabinti zao wamewakalia mapajani. Asteria, kwenye benchi la mbele, alikohoa ndani ya leso, akaikunja haraka.

"Mama Asteria," Mchungaji akanipa maiki, "waambie wenzako siri."

"Nyunyizieni maji," nikasema.

Kanisa zima likacheka, wakidhani natania. Mchungaji naye akacheka, akisubiri niendelee.

"Nyunyizieni maji," nikarudia, "na watoto muwaache nyumbani." Nilikuwa namtazama Mama Ignas. Yeye peke yake hakucheka.