Mtu Aliyesimama Nyuma ya Mfasiri

Mfasiri alikuwa katikati ya hati ya mirathi alipohisi pumzi ya mtu shingoni. Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamume mwembamba, soksi za kijivu bila viatu, akisoma kioo cha kompyuta huku midomo ikimchezacheza kama mtoto anayekariri. Mfasiri alimsalimia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusoma.

Kompyuta ikifungwa, aliondoka. Ikifunguliwa, alirudi. Hakuomba hata maji. Mama mkwe alipopita na ufagio alimwambia yule mtu asogeze miguu, akafagia, akaenda zake. Mfasiri ndiye aliyekosa utulivu. Aliinuka, akaketi, akavuta pazia, akalirudisha. Maneno aliyoyajua tangu utotoni yalimponyoka. Kila alipoandika nywila, yule mtu aliinama zaidi.

Hatimaye mfasiri alimwita fundi wa kompyuta. Fundi alimpima mgeni kwa macho, akasema wa aina hii amewaona wengi. Ni programu ya kijasusi: husoma kila herufi unayoandika, hubeba nywila, hukutazama kwa kamera unayodhani imezimwa, na yote humpelekea aliyeituma. Wengi huingia kwa kiungo cha barua pepe au kwa programu za bure.

"Huyu hakupenya, dada," fundi alisema. "Kafunguliwa mlango na mtu anayeijua nywila yako. Nikimtoa, aliyemtuma atajua papo hapo."

Mfasiri alimwomba asimguse kwanza.

Jioni, mezani, mume wake alisema bila kuinua macho kwamba mji anakokaa mdogo wa mkewe una baridi, haumfai mtu mwenye kifua. Mfasiri aliweka kijiko chini. Habari za kuhamia mji huo, na kazi aliyopata huko, alikuwa amemwandikia mdogo wake peke yake.

"Wewe ndiye uliyemleta?"

"Mke na mume hawana siri," mume alijibu. "Nimefanya kwa usalama wako."

Mama mkwe, akimenya chungwa, alisema marehemu mumewe naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alisikiliza mlangoni.

Mfasiri alisema anataka yule mtu aondoke. Mume alimsikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba hali ile haikuwa nzuri hata kidogo, maana miguu ya yule mtu ilikuwa imeanza kuvimba kwa kusimama. Asubuhi alileta kiti, akakiweka ubavuni mwa kiti cha mkewe, akaenda kazini.

Mfasiri alifungua kompyuta. Mgeni aliketi, akashusha pumzi, akashukuru. Mfasiri alianza kumwandikia mdogo wake. Akafuta. Akaandika, akafuta tena, akaenda dirishani, akarudi. Mwishowe aliandika kwamba huku wote wazima, na safari ameghairi

Mgeni alisogeza kiti mbele kidogo, akasoma.

"Umesahau nukta," alisema.

Mfasiri akaiweka.