Pua za Nguva

Mume wa fundi cherehani mmoja, Mungu amrehemu, maisha yake yote alichora viumbe wa baharini, lakini bahari yenyewe ilimshinda. Akipanda mtumbwi, kabla haujatoka ufukweni ameshatapika. Mkewe alizoea kuwaambia wateja wake: "Wangu anaipenda bahari kama mtu anavyompenda mama mkwe. Kwa heshima, na kwa mbali."

Basi samaki wake wote aliwajulia sokoni, juu ya meza za saruji. Asubuhi alichora mabango ya vinyozi na maduka ya dawa. Kazi hiyo ndiyo iliyoleta unga nyumbani. Mchana alichora kasa na pweza kwenye kuta za shule, bure, na chini yao akaandika kwa herufi nene kwamba bahari si jalala. Rangi ya bluu ilikuwa kila mahali nyumbani: kwenye kitasa, kwenye mpini wa sufuria, na safari moja kwenye gauni la bibi harusi, mpaka mkewe akalazimika kushona ua la kitambaa kuficha alama ya dole gumba.

Aliyemkosesha usingizi ni nguva. Nguva hula nyasi zinazoota chini ya bahari, na juu ya malisho hayo wavuvi walikuwa wakitega majarife, nyavu za matundu makubwa. Naye nguva hupumua hewa kama sisi. Akinaswa chini, anakufa maji. Mchoraji akaiomba kamati ya wavuvi iyahamishe majarife. Mwenyekiti akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kukataa.

"Fundi, nguva wameisha. Tufunge malisho kwa ajili ya marehemu? Niletee mtu mmoja tu aliyemwona hai, tutazungumza."

Akapita kwa wavuvi, mmoja mmoja. Hakuna aliyeona. Kila aliyeulizwa ghafla alikuwa na fundo la kufungua kwenye wavu. Nani angesema, halafu aonekane ndiye aliyewafungia wenzake riziki?

"Wanaogopana," alimwambia mkewe.

"Na wewe unawaogopa?"

"Mimi naogopa mtumbwi."

Kamati ilipanga kukutana sokoni Jumamosi, kugawana sehemu za kutega. Baada ya hapo majarife yangeshuka na maneno yangekwisha. Mchoraji akaomba ukuta wa soko, ule unaotazama meza za mnada. Kama hawakubali kuwa nguva yupo, basi angalau awatazame wakigawana chakula chake.

Akashinda juu ya ngazi. Mkewe alipomletea chakula alisimama, kichwa upande.

"Huyu ni nguva, au ni mimi nikiamshwa mapema?"

"Wewe una shingo, mke wangu."

"Ahsante. Sifa yangu ya kwanza mwaka huu."

Alikuwa nguva mkubwa wa kijivu, akielea juu ya nyasi. Alimchora kwa kumkumbuka yule mmoja tu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwona, aliyeletwa na wavu zamani, amekufa, akalazwa kwenye sakafu ya soko. Siku ile alimpima kwa tepu ya nguo ya mkewe, na tepu ile haikutoka harufu tena.

Jumamosi wavuvi wakaja. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao, mzee mwembamba waliyemwita Kidevu alitazama ukutani, akaanza kucheka mpaka akaegemea meza.

"Fundi! Huyu wako atakufa maji! Nani anaogelea chini na pua wazi?"

"Pua zake ndivyo zilivyo," mchoraji akajibu toka juu ya ngazi. "Nimeziona kwa macho yangu."

"Umeziona kwa maiti. Mzima akizama anazifunga, ndii! Akija juu anazifungua, puu!"

"Si puu," akadakia mwenzake mwenye kipara. "Anapumua taratibu, kama mtu anayepuliza chai. Yule wa majuzi nilimsikia kabla sijamwona."

"Wa majuzi yupi? Mwenye mtoto?"

"Mwenye mtoto ni wako wewe. Wangu ana kovu mgongoni."

"Basi wapo wawili."

"Watatu," akasema mtu wa nyuma, ambaye hakupenda kuachwa.

Kidevu akajipangusa mdomo, kana kwamba maneno yangeweza kurudi ndani.

"Ulimi hauna mfupa, jamani," akaguna muuza barafu.

Mke wa mchoraji akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Mwenyekiti, si ulisema mmoja tu anatosha?"

Mwenyekiti akawatazama watu wake jinsi baba anavyowatazama watoto wenye sukari midomoni. Kisha akacheka, maana hakubakiwa na la kufanya. Walibishana mpaka jua likawa kali, lakini si kama nguva yupo; walibishania majarife yasogezwe hadi wapi. Mwishowe wakakubaliana: nje ya nyasi, kwenye kina, na atakayerudi ndani wavu wake utatwaliwa.

"Umeshinda, mume wangu," mkewe akamwambia.

"Pua," alisema yeye.

"Nasema umeshinda!"

"Miaka yote hii nachora maiti zinazoogelea. Kasa wa shuleni. Pomboo wa zahanati."

"Pomboo amelalamika?"

Mchoraji alikuwa amemgeukia Kidevu. "Nionyeshe zinavyojifunga."

Kidevu, mzee wa heshima zake, akabana pua kwa vidole viwili. Mwenye kipara akasema sivyo, akabana yake. Mwenyekiti akasema wote hawajui kitu. Punde kamati nzima ilikuwa imejipanga mbele ya ukuta, mashavu yamevimba, pua zimebanwa, wakisubiri.

Mkewe alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la barafu. Na hivyo ndivyo anavyomkumbuka: juu ya ngazi, brashi mdomoni, akichanganya kijivu bila haraka yoyote, na kuwaambia, "Msiachie, wazee wangu. Msiachie. Bado kidogo."