Zizi la Ng'ambo ya Vigingi

Zabron mnunuzi wa maziwa hakuwa mtu wa kuleta habari mbaya kwa makusudi. Alikuwa mtu wa kuleta habari, basi. Asubuhi ile ya Alhamisi alisimamisha pikipiki yake mbele ya mji wa mzee Bujiku, akaonja maziwa kiganjani kama kawaida yake, na wakati Ngolo anamimina kwenye madumu akaanza kusifu.

"Mwanao ana akili, mzee! Ramani yake nimeikuta jana mezani kwa mtendaji wa kata, watu wanaishangaa. Kila njia ipo, kila kichaka kipo. Mtendaji kasema leo mchana anawaonyesha mpaka wale askari wa hifadhi. Wanakuja na gari lao."

Maziwa yakamwagika nje ya dumu.

"We Ngolo!" mama yake, Yunisi, alimaka. "Macho umeyaweka wapi?"

Mzee Bujiku alingoja Zabron afunge madumu yake kwa mpira, apige kiki, atokomee na vumbi lake. Ndipo alipomgeukia binti yake.

"Kwenye hiyo ramani, ulichora na zizi la ng'ambo?"

"Nililichora, baba."

"Na njia?"

"Na njia."

Haya sasa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, darasa la sita, usimlaumu kabla hujasikia. Wiki mbili nyuma Mwalimu Anjela alikuwa ametoa mradi wa jiografia: kila mwanafunzi atembee eneo lake, ahesabu hatua, achore ramani kwenye karatasi ya manila. Wenzake walichora shule, kisima na duka, wakaenda kucheza. Ngolo alitembea siku sita. Alihesabu hatua mpaka kwa majirani, mpaka kwenye josho, na Jumamosi, alipompelekea kaka yake Nashoni unga, akahesabu hatua elfu tisa na mia mbili hadi zizi la ng'ambo ya vigingi. Hakuna mtoto mwingine aliyefika mbali hivyo, naye alilijua hilo, na sifa zilimpanda kichwani.

Kosa la kuchekesha ni kwamba pale mradi ulipouliza idadi ya mifugo, alikuwa amemuuliza baba yake, na Bujiku akakasirika. Msukuma hanyooshei ng'ombe kidole akaanza moja, mbili, tatu. Huko ni kuwaita watoweke. "Andika 'wapo'," alimwambia. Ngolo akaandika: Wapo. Mwalimu akaweka alama nyekundu: Wangapi? Basi idadi ilifichwa vizuri sana, lakini mahali walipo ng'ombe wenyewe pakachorwa kwa rangi ya bluu na mshale.

Vigingi vile vya zege vilipandwa miaka minne iliyopita. Bujiku alikuwa ameshamzika baba yake kwenye mbuga ile, ameshapata watoto watatu pale. Walikuja watu na kamba na kofia, wakapanda zege, wakasema kuanzia hapa kwenda kule ni hifadhi. Ingekuwa nyasi peke yake angevumilia. Maji ndiyo yaliyomshinda. Kiangazi kikikaza, maji yote ya upande huu hugeuziwa mifereji ya mashamba makubwa ya mpunga, na mkutano wa kijiji uliandika maji yagawanywe, lakini ng'ombe hawanywi karatasi. Madimbwi yaliyobaki yako kwenye korongo la Kihongo, ng'ambo. Kwa hiyo kila kiangazi Nashoni huvuka na mifugo, isipokuwa wachache wa maziwa wanaobaki nyumbani kwa maji ya kisima, hulala nayo huko, hurudi mvua zikinyesha. Mwaka jana jirani yao alikamatwa akiwa na ng'ombe wake ng'ambo ile. Faini kwa kila kichwa, akashindwa, ng'ombe wakapigwa mnada, na kijana wake akala miezi sita ndani. Mpaka leo mzee huyo hasalimii watu vizuri.

"Simu ya Nashoni?" Yunisi aliuliza.

"Kule simu inashika wapi? Mimi nakwenda kwa baiskeli. Lakini ng'ombe hawavuki mchana kweupe, vumbi lao linaonekana toka barabarani. Mpaka jua lizame." Bujiku alikuwa tayari anaifunga kengele ya baiskeli kwa kitambaa isipige kelele. "Askari wakienda mchana huu na hiyo karatasi, tumekwisha. Nikienda mimi kuiomba pale ofisini, nimejipeleka mwenyewe. Ngolo, uliyeipeleka ni wewe. Kaichukue."

Hakumpiga, hakumtukana. Ingekuwa afadhali angempiga.

Ngolo alikimbia njia nzima ya shule, daftari zikimgonga mgongoni. Mwalimu Anjela alikuwa ofisini anakunywa chai kwa kiazi kitamu. Alikuwa binti wa wakulima wa Kilolo, kwenye milima ya baridi, mrefu, mwenye huruma ya haraka, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye tambarare hizi. Bado alikuwa akilala na sweta wakati wengine wanalala nje kwa joto, eti mazoea.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba ramani yangu."

"Marahaba. Ngolo! Hujasikia? Ya kwako imechaguliwa! Mratibu elimu ameipeleka kata, itakwenda wilayani kwenye maonesho. Shule yetu haijawahi kupeleka hata kikapu."

"Ina makosa, mwalimu. Nataka nirekebishe."

"Makosa gani? Ni ile idadi ya mifugo tu."

"Mengine, mwalimu. Naomba ruhusa nikaichukue."

Anjela aliweka kiazi chini. Alimwona mtoto anatweta, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, midomo imekauka. Alitaka kuuliza, akaghairi. Akachana karatasi, akaandika: *Mruhusuni mwanafunzi afanye masahihisho.* Akagonga muhuri.

"Urudi kabla ya saa nane," alisema. "Na unywe maji kwanza."

Hakunywa. Kutoka shuleni hadi ofisi ya kata ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mzima asiye na wasiwasi. Ngolo alitembea, akakimbia, akatembea. Kila alipoona vumbi barabarani alidhani ni gari la hifadhi, kumbe lori la pumba. Alijaribu kuomba Mungu kwa Kisukuma, maneno yakamkimbia, akabaki kuhesabu hatua bila kupenda. Alipofika elfu nne akajizuia kwa hasira.

Ofisini palikuwa na benchi moja na watu wanane. Karani, mama mnene mwenye miwani, alisoma karatasi ya mwalimu, akaigeuza, akatazama nyuma yake ambako hapakuandikwa kitu.

"Mtendaji ana kazi. Kaa."

"Mama, ni masahihisho ya mara moja tu."

"Nimesema kaa. Au hukufundishwa kukaa?"

Alikaa. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu aliiona ramani yake mezani, imekandamizwa kwa kikombe na mashine ya kutobolea karatasi. Ilikuwa hatua sita kutoka pale alipokuwa. Ikapita nusu saa. Karani akamtuma maji ya kunywa ya mtendaji, akaenda mbio, akarudi mbio. Akamtuma chapati mbili, akaenda. Aliporudi na chapati, landkruza ya kijani ilikuwa imesimama chini ya kivuli cha ukuta na askari wawili walikuwa wanaingia.

Alitamani kuangusha chapati akimbie. Badala yake alipita nao mlangoni, maana mkononi alikuwa na chakula cha mkubwa, na mwenye chakula cha mkubwa hazuiwi.

"Huyu hapa mwenyewe!" Mtendaji Sedekia alicheka. Alikuwa amehamishwa kutoka upande wa Mgololo, kwenye misitu ya miti ya kutengenezea karatasi, hajamaliza hata miezi mitatu. "Afande Obeid, nyie mnahangaika na mitambo, mtoto wa darasa la sita kawamalizia kazi."

Afande Obeid hakucheka. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye ndevu zenye mvi, na aliinama juu ya ramani kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kidole chake kilianzia shuleni, kikapita kanisani, kikapita kwenye josho, kikaingia Ihango, kitongoji cha kina Ngolo. Kikavuka vigingi. Kikasimama.

"Umechora vizuri sana. Hili duara la bluu ni nini?"

"Zizi," Ngolo alisema. Lilikuwa limeandikwa pale pale, angesema nini?

"La nani?"

"La watu."

"La watu," Obeid alirudia. "Na huu mstari uliopindapinda ni korongo?"

"Ndiyo."

"Korongo gani kati ya yale mawili? Hukuandika jina wala kaskazini."

Kweli hakuandika. Nani Ihango angehitaji kuandikiwa jina la Kihongo? Na karatasi ilikuwa imeishia pale pale. Korongo la pili, Ilembe, lililo upande wa machweo, halikupata nafasi. Ilembe nalo liko ng'ambo, nalo limepinda hivyo hivyo, lakini lilikauka tangu Julai, na kulifikia ni lazima uzunguke mashamba yote ya mpunga. Hakuna mtu huko, hakuna hata ndege.

Mtendaji alitafuna chapati. Askari wa pili alichezea funguo za gari.

"Nakuuliza, binti. Korongo hili linaitwaje?"

Ngolo hakuwa amepanga uongo. Alikuwa amepanga kuomba, kulia, hata kuinyakua karatasi akimbie nayo. Jina lilitoka lenyewe.

"Ilembe, afande."

"Una uhakika?"

"Nimetembea mwenyewe. Hatua elfu tisa na mia mbili."

Obeid alimpa kalamu ya wino. "Liandike. Mwandiko wako wewe."

Akaandika, akikandamiza kalamu: *Korongo la Ilembe.* Mwandiko ulitoka mzuri kuliko wote kwenye karatasi ile. Ramani aliyoitembea siku sita, iliyokuwa kweli kuliko kitu chochote alichowahi kuandika shuleni, ikawa uongo kwa maneno matatu, naye akasikia uchungu wa ajabu, uchungu wa mtu aliyechana nguo yake mpya.

"Serikali inahitaji watoto kama wewe," alisema mtendaji. Akapanda na askari, gari likawaka. Lilielekea upande wa machweo, kwenye mpunga, na ramani ikaenda nalo.

Jua lilipozama Bujiku na Nashoni waliwavusha ng'ombe. Walitoka wote isipokuwa mtamba mmoja aliyekuwa anazaa. Huyo walimwacha kwenye majani marefu, na Nashoni, kijana mzima wa miaka kumi na tisa, aliingia mjini kwao akiwa amevimba macho. Hakumsemesha dada yake. Usiku kucha mifugo ililia kiu, maana upande huu walikuwa salama kabisa na hapakuwa na maji ya kuwatosha wote. Ijumaa asubuhi Zabron alipokuja, alipata dumu moja badala ya matatu.

"Vipi, mzee? Ng'ombe wamegoma?"

"Wapo," Bujiku alijibu, akaenda zake.

Shuleni, saa tatu, mtendaji aliingia na pikipiki akiwa na matope mpaka kwenye kola. Landkruza ilikuwa imezama kwenye majaruba tangu jioni, wamelala humo na mbu, na walipolifikia Ilembe asubuhi hawakukuta hata kinyesi kikavu. Aliitupa ramani juu ya meza ya Mwalimu Anjela, imekunjwa mara nane na ina alama ya kiatu.

"Muulize mbele yangu."

Anjela alimwita Ngolo. "Korongo hili linaitwaje?"

"Ilembe, mwalimu."

"Unaona!" Mtendaji alipiga meza. "Ama ni mjinga, ama ana wakubwa waliomtuma. Jumatatu baba yake aje ofisini, na aje na kitambulisho chake. Na hii takataka haiendi wilayani kwa jina la kata yangu. Achore upya, safi, mratibu anaichukua saa nane."

Alipoondoka, mwalimu alikaa akiitazama alama ya kiatu. Yeye ndiye aliyenunua zile karatasi za manila, kwa pesa yake.

"Mimi nilitaka tu mjue mnapoishi," alisema taratibu. "Basi. Sikujua wanaisomea nini."

"Najua, mwalimu."

Akampa karatasi mpya na rula. Ngolo alikaa dirishani, akachora haraka, bila kuhesabu kitu. Kabla ya saa sita alikuwa amemaliza. Ramani ilikuwa safi ajabu, mistari imenyooka, rangi haikutoka nje hata mahali pamoja. Anjela aliipitia kwa kidole.

"Shule. Kanisa. Ofisi ya kata. Barabara. Mashamba ya mpunga. Vigingi." Kidole kilitangatanga upande wa kulia, kwenye weupe mtupu. "Na Ihango? Kwenu kuko wapi?"

"Hakupo, mwalimu."

"Hakupo vipi? Wewe unalala wapi?"

Ngolo aliifuta rula kwa kiganja, akairudisha mezani.

"Ngolo, mtu hachori eneo lake akaacha nyumba yake. Nitakukata maksi. Nusu nzima nitakata."

"Kata, mwalimu," Ngolo alisema, akaanza kurudisha kalamu za rangi kwenye kopo lake.