Ukuta Uliokwenda Mtoni

Jumatatu saa nne asubuhi Nelius alifika kwenye mjengo wa darasa la nne pale Siakago, akachovya ndoo kwenye pipa, ikagonga chini. Maji hakuna. Kazi yake ilikuwa kunywesha bloki za simiti siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, ili zishikane vizuri. Hizi zilikuwa na siku mbili tu. Kontrakta, Ndwiga, alikuwa amelielekeza lori la maji Embu mjini, mtaa wa Majimbo, ambako nyumba yake mwenyewe ilikuwa ikipigwa plasta.

Nelius hakunyamaza. Binti yake Mukami ndiye angeketi ndani ya darasa hilo, sasa yeye mama mtu angekaaje kama gogo? Alibonyeza bloki moja kwa kidole, ikamwaga mchanga.

"Zimekauka," Ndwiga akasema. "Zimeiva hizi."

"Zimekauka, bosi. Hazijaiva."

Ndwiga akamwambia bloki si maharagwe, akaenda zake. Kufikia wiki iliyofuata kuta zilikuwa zimesimama: zile nzito za inchi tisa kwenye msingi, za inchi sita juu yake, zenye mashimo kule juu ya madirisha kupunguza uzito, na nyembamba za inchi nne zikitenga kaofisi ka mwalimu. Mabati yakapigiliwa. Watoto wakaingia.

Jumatano moja, saa nane mchana, bloki zilishuka ukutani zikaenda mtoni kunywa maji. Za inchi nne zilitangulia zikisukumana, maana ni nyepesi na hazina adabu. Za inchi tisa zilifika mwisho na kunywa kuliko zote. Zenye mashimo zilijaza mashimo yao, zikabeba akiba ya njiani. Paa lilibaki pale pale juu likingoja, na somo la hesabu likaendelea. Saa tisa na nusu kila bloki ilikuwa imerudi mahali pake, isipokuwa mbili zilizobadilishana nafasi. Ikawa hivyo kila siku. Wenye ng'ombe walilalamika tu kwamba zinavuruga maji.

Mkaguzi wa majengo alikuja kutoka Embu saa nane na robo. Akayatazama mabati yaliyokuwa hewani, akaandika kwamba darasa lina hewa ya kutosha, akatia sahihi. Nelius alimfuata hadi kwenye gari, akamweleza habari ya lile pipa. Mkaguzi alimjibu kwa upole kwamba ukuta unaojitafutia maji hauna shida na mtu. Mwezi huo huo Ndwiga akapewa kazi ya kujenga wodi ya akina mama.

Kisha jua likawaka kweli kweli, mto ukakauka. Bloki zilienda, zikasimama kwenye mchanga kwa muda, zikarudi vivyo hivyo, na vumbi lao likaanza kumwagikia madaftari. Nelius akawa hatulii. Akipepeta pojo, sikio liko shuleni. Akisikia kishindo chochote, hata cha mlango wa jirani, anauacha ungo na kukimbia mpaka barabarani. Mwishowe alimwendea mkuu wa shule, Mwalimu Ngari, akamsihi watoto wasomee nje. Mwalimu alisema jua lingewaua, na tena karatasi za darasa zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Badala yake akatangaza kwamba kila mtoto aje na chupa ya maji.

Hapo Nelius alipumua kidogo. Alimjazia Mukami chupa ya lita moja kutoka kwenye maji ya kupikia. Jioni mtoto akarudi na chupa tupu, midomo imepasuka.

"Kwani hukunywa?"

"Mwalimu amesema ukuta kwanza, mami."

Kesho yake Nelius akampa chupa mbili. Ukuta ukazinywa zote mbili.