Trela Linalala Upande

Sufuria iliteleza yenyewe mezani, ndipo dereva mstaafu alipojua kuwa trela lao la kambi linazama upande wa korongo. Mvua haikuwa imekatika tangu asubuhi. Mbao za kuwekwa chini ya jeki ili trela lisizame alikuwa amezitandika mlangoni, ili mkewe asikanyage tope.

"Mama watoto, shuka. Polepole."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye uzito wa upande huu wa juu. Nikiinuka, tumekwisha."

"Ndiyo maana nilikukataza kupunguza kula," mkewe alisema.

Akashuka, mbao zikazama, tope likammeza hadi magotini. Sakafu ikalia.

"Haya, ruka!"

Dereva alikuwa ameng'ang'ania kitanda. Mikono ilikataa kuachia. Mkewe akaanza kupanda tena kumfuata. Woga wa kumwona akirudi ndani ndio uliomrusha nje.