Viganja vya Dada Sok-Han

Sio Weng-Kei alikuwa ameapa kwamba katika picha zake za maisha ya watu wa Makau haitaonekana kasino hata moja. Za kasino wageni wamepiga za kutosha, alisema. Yeye angewaonyesha wenyeji wenyewe, wakianika nguo, wakinywa uji, wakigombana na wauza samaki wa Soko Jekundu. Kiapo kizuri sana kwa mtu anayeishi mji mwingine. Mtaani kwao hakukuwa na dirisha ambalo mnara wa dhahabu wa kasino haukuchungulia, na ili kuukwepa ilimbidi amsogeze kila mtu ukutani. Mzee Lam, katibu wa chama cha mtaa aliyempa ukumbi wa maonyesho, alizitazama picha zile kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa upole majirani wamekamatwa kwa kosa gani.

Weng-Kei alicheka. Siku zote alikuwa wa kwanza kujicheka. Ilimwondolea usumbufu wa kubadilika.

Dada yake Sok-Han, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa akigawa karata kasino tangu usichana wake, na mwezi ule alikuwa anastaafu. Aliomba kitu kimoja tu: naye awemo ukutani pamoja na majirani.

"Umempiga picha mpaka paka wa muuza tambi," alimwambia. "Mimi nimekukosea nini?"

Basi Jumapili Weng-Kei akaenda jikoni kwake. Sok-Han alikuwa anakata keki ya figili, nywele amezibana, jua limemwangukia begani, na safari hii mnara ulikuwa umezibwa na shati la shemeji lililoanikwa dirishani. Weng-Kei nusura alie kwa furaha. Dada akaweka kisu chini, akapiga viganja pamoja, akavigeuza kuelekea darini.

Ndivyo wafanyavyo wagawa karata wote wanapoondoka mezani, ili kamera za darini zione kuwa hawakuficha kitu. Sok-Han alifanya hivyo akimaliza kupiga pasi, akimaliza kula, hata akimaliza kuwachomea marehemu wazazi udi. Picha zote zikatoka na viganja.

"Dada, kaa kawaida basi. Hapa si kazini."

"Hii ndiyo kawaida yangu, Kei."

"Lakini mimi kasino siitaki kwenye picha zangu."

Sok-Han akampakulia keki. Weng-Kei akaila yote, akaomba nyingine, kisha akaenda kwake akazifuta zile picha kwa kuwa zimeharibika.

Siku ya maonyesho Sok-Han alikuja na blauzi yake ya hariri, nywele zimetoka saluni. Alianzia mlangoni, akatazama picha moja moja bila haraka, mpaka ya mwisho, iliyokuwa ya paka. Weng-Kei alikuwa ametayarisha mzaha wa kujitetea, wa mpiga picha asiyeona. Dada akaja akasimama mbele yake, akapiga viganja, akavigeuza.

"Mimi hapa sikuchukua kitu," alisema. "Haya, na wewe onyesha."

Hakuweza. Mikono ilikuwa imeshika kamera, na kamera alinunuliwa na dada kwa pesa za karata, kama alivyonunuliwa viatu vya shule na meno mawili ya bandia ya mbele. Alikuwa kasino tupu, tangu utosini hadi unyayoni. Aliona aibu, na safari hii hakuona cha kuchekesha ndani yake. Akamkabidhi dada kamera.

Sok-Han akamsogeza ukutani kwa kidole, kisha akaiinua kamera jichoni.

"Kaa kawaida," akasema.

Weng-Kei, aliyeuambia mtaa mzima maneno hayo, hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani. Mzee Lam akasogea kutazama, na majirani nyuma yake. Mwishowe akapiga viganja pamoja, akavigeuza juu, vitupu, na dada yake akabonyeza.